UZI: Wanamichezo wa kulipwa wanaoandika riwaya za kusisimua. Nani kaandika kweli, na kazi yenyewe inafanyikaje?

KurasaZaUsiku

Wakuu, kila mwanamichezo mwenye jina akitoa riwaya, maneno ni yale yale: "kaandikiwa huyo." Basi, mjadala umekufa. Humu naomba tuende mbele kidogo. Tuangalie waliofanya, walifanyaje, na kwa mtu anayetaka kuandika (au anayetaka kumwandikia mwanamichezo) kazi inaanzia wapi na inaharibikia wapi.

Naanza kwa kuwapanga, maana hawafanani.

Wapo walioshika kalamu wenyewe. Dick Francis, joki (mpanda farasi wa mashindano) wa Uingereza, bingwa wa mbio za kuruka viunzi msimu wa 1953–54, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1962 na akaishia na zaidi ya 40. Tim Green, beki wa Atlanta Falcons katika soka ya Kimarekani kuanzia 1986 hadi 1993: riwaya ya kwanza ilitoka akiwa bado anacheza, na masomo ya sheria alikuwa anayasoma misimu ikisimama. Jo Nesbø alichezea Molde ligi kuu ya Norway hadi kano za magoti zilipokatika akiwa kijana wa chini ya miaka 20. Mpelelezi wake Harry Hole alizaliwa vitabuni 1997.

Wapo walioandika na mwenza aliyetajwa jaladani. Martina Navratilova na Liz Nickles walitoa riwaya tatu kuanzia 1994, shujaa akiwa mchezaji tenisi aliyestaafu na kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa mpira wa kikapu, na Anna Waterhouse walianza 2015. Ted Dexter, nahodha wa zamani wa kriketi wa England, na mwanahabari Clifford Makins walitoa yao 1976.

Kisha wapo wa kukodisha jina. Hao nawaachia mlete wenyewe.

DakikaYa93

Nalileta mimi. Herbert Resnicow. Kumbukeni jina hilo. 1986 riwaya ya mauaji kwenye Super Bowl (fainali ya soka ya Kimarekani), pamoja na Fran Tarkenton. 1988 riwaya ya mauaji kwenye Kombe la Dunia, pamoja na Pelé. 1989 riwaya ya besiboli, pamoja na Tom Seaver. Michezo mitatu, nyota watatu, mwandishi mmoja. Tuambiane ukweli, mpishi alikuwa nani?

Mhariri_Mkali

@DakikaYa93 hakuna siri hapo, jina lake liko jaladani. Huo ni uungwana kuliko ule wa mwandishi kivuli ambaye hatajwi hata kwenye ukurasa wa shukrani. Swali la maana kwangu: nyota alileta nini mezani? Kama alileta uso wa jaladani tu, msomaji anagundua mapema, kwa sababu chumba cha kubadilishia nguo kinasomeka kama kilivyoonekana kwenye televisheni.

Nirudi kwa Francis maana kwake kuna somo ambalo wengi hulipita. Watu hurukia kisa cha farasi Devon Loch, aliyekuwa wa Mama Malkia, alivyoanguka akiongoza Grand National ya 1956 hatua chache kabla ya kumaliza, Francis akiwa mgongoni. Ni kisa kizuri. Lakini kilichomfanya mwandishi ni gazeti. Alistaafu 1957, akatoa kitabu cha maisha yake mwaka huo huo, kisha akawa mwandishi wa mbio za farasi wa Sunday Express kwa miaka 16. Gazeti lina nafasi maalumu na saa maalumu, na mhariri hakuulizi umeamkaje. Alipoingia kwenye riwaya tayari alikuwa anajua kukata sentensi. Ndiyo maana aliweza kutoa takriban kitabu kimoja kila mwaka kwa karibu miaka 40.

Jambo la pili: hakumrudia joki yule yule. Mashujaa wake ni rubani, ofisa wa benki, mfanyabiashara wa mvinyo, mchoraji, fundi wa vyombo vya kioo. Farasi wapo, lakini mara nyingi wako pembeni. Mpelelezi Sid Halley, joki aliyeharibika mkono, alirudi mara chache tu katika vitabu vyote hivyo.

Na la tatu, mke wake Mary. Alifanya utafiti na kuhariri. Kwa ajili ya riwaya za marubani alijifunza kurusha ndege mwenyewe. Kitabu cha wasifu cha 1999 kilidai kwamba yeye ndiye mwandishi halisi. Hata ukilikataa dai hilo, Francis hakuwahi kuficha kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mary alipofariki 2000, vitabu vilisimama hadi 2006, na hatimaye mtoto wao Felix akawa mwandishi mwenza. Kwa hiyo yale makundi, @KurasaZaUsiku, ukuta wake si mnene unavyodhani.

KurasaZaUsiku

Hoja imepokelewa. Na John Francome naye anauvuka ukuta huo huo: bingwa wa majoki mara saba, alianza 1986 na mwandishi mwenza, James MacGregor, kisha akaendelea peke yake kwa miaka mingi. Mwenza anaweza kuwa darasa.

MtazamajiTu

Steve Bruce hamjamtaja 😂 Nahodha wa zamani wa Manchester United, riwaya tatu kati ya 1999 na 2000 akiwa kocha. Shujaa ni kocha wa timu iitwayo Leddersfield Town na jina lake ni Steve Barnes. Steve B. kwa Steve B.

Mhariri_Mkali

Cheka, lakini hilo ndilo kosa namba moja la kundi hili. Mwanamichezo akimfanya shujaa kuwa yeye mwenyewe aliyebadilishwa jina la ukoo, mambo matatu yanakwama. Shujaa hawezi kukosea vibaya, maana mwandishi anajilinda. Hawezi kuogopa. Na wabaya wote wanakuwa wale waliowahi kumuudhi: mmiliki wa klabu, wakala, mwanahabari. Riwaya ya kusisimua inahitaji shujaa mwenye tundu ambalo adui anaweza kupenyeza mkono. Wengi walioweza walimpa shujaa wao kazi nyingine, au kasoro ambayo wao hawana. Abdul-Jabbar alitoka uwanjani kabisa, akaenda kwenye London na Trinidad ya karne ya 19 na kumfuata Mycroft, kaka yake Sherlock Holmes. Hakuna kikapu humo.

Tiba rahisi: mpe shujaa mchezo wako lakini mwondoe kwenye nafasi yako. Ulikuwa mshambuliaji? Shujaa awe mtunza vifaa, daktari wa timu, dereva wa basi, mwamuzi wa akiba. Hao huingia kila chumba na hakuna anayewatazama.

Kano_na_Mifupa

Naomba kuongezea upande wa mwili, maana hapo ndipo mwanamichezo anamzidi mwandishi wa mezani. Ajabu ni kwamba wengi hawautumii; wanaiga sinema.

Ngumi. Mtu akipiga fuvu kwa mkono mtupu, kinachovunjika mara nyingi ni mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo. Kifundo kinazama, upande ule wa mkono unavimba, na kukunja ngumi kunakuwa shida. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi: tangu hapo shujaa hawezi kushika bastola sawasawa, kufungua kifuniko wala kuzungusha ufunguo. Ukurasa mmoja wa ngumi unakupa sura tatu za taabu.

Kuzimia. Bondia aliyeangushwa kwa kawaida hurudi baada ya sekunde. Akikaa dakika kadhaa bila fahamu, hiyo ni hospitali na huenda damu inavuja kichwani. Yule wa riwaya anayepigwa kitako cha bunduki, akalala saa nzima, akaamka amefungwa kwenye kiti na kuanza kutoa vichekesho, hayupo duniani. Mtikisiko wa ubongo huleta kichefuchefu, mwanga kuuma macho, kurudia swali lile lile, na kutokumbuka dakika za kabla ya kipigo. Hilo la mwisho ni dhahabu kwa mtunzi wa taharuki: shahidi pekee amesahau alichokiona, na hasemi uongo.

Kukimbia. Binadamu hashiki kasi ya juu kabisa kwa muda mrefu. Hata Usain Bolt alipokimbia 9.58 Berlin 2009, kilele chake, karibu kilomita 44.7 kwa saa, kilikuja baada ya mita 60 na hakikudumu. Mtu wa kawaida aliyevaa viatu vya ofisini anamaliza mbio za kweli ndani ya sekunde 20 au 30. Baada ya hapo ni kuhema na kujificha. Ukitaka mkimbizano wa dakika tano, uvunje: mbio, kona, kujibanza, kusikiliza, mbio tena. Msisimko mkubwa uko kwenye kusikiliza.

Bega lililotoka. Shujaa anajigonga ukutani, linarudi, anaendelea na vita. Hapana. Misuli inakaza kwa maumivu, neva na mshipa wa damu viko jirani, na hata likirudishwa na daktari mkono unabaki kwenye kombeo kwa wiki kadhaa. Akilirudisha kwa lazima, basi vidole vife ganzi na vibaki hivyo hadi mwisho wa kitabu.

Na mstaafu. Shujaa wa miaka 45 mwenye magoti yaliyofanyiwa upasuaji hapati shida kupanda ngazi kama anavyopata kushuka. Anatanguliza mguu mbovu akishuka na mguu mzima akipanda. Kitu kidogo hicho kinaonyesha maisha yake yote bila wewe kueleza.

ChupaB

Kano umenigusa. Mimi nauleta utaratibu, kwa sababu naamini nguvu ya mwanamichezo kwenye riwaya haiko kwenye mechi. Iko kwenye korido baada ya mechi: nani anaruhusiwa kuingia, nani anasaini nini, ufunguo unakaa kwa nani. Chukua kupimwa dawa zilizokatazwa. Waandishi wengi huandika "walimpima" wakapita. Tazama kilichomo.

Mwanamichezo anaarifiwa na kusaini. Tangu hapo kuna msindikizaji asiyemwondolea macho hadi chumba cha kupimia. Anachagua chombo cha kukojolea mwenyewe, miongoni mwa vilivyofungwa. Afisa wa jinsia yake anatazama mkojo ukitoka mwilini; si kusimama nje ya mlango. Kinachotakiwa ni angalau mililita 90. Akipungukiwa, alichotoa kinafungwa kwa muda na kupewa namba, naye anaendelea kunywa maji na kusubiri, wakati mwingine saa kadhaa, mchezaji aliyekauka na afisa anayetazama saa wakiwa chumba kimoja. Kisha anachagua sanduku lenye chupa mbili, analinganisha namba za chupa, vifuniko na sanduku. Anamimina mwenyewe: angalau mililita 30 kwenye chupa B, 60 kwenye chupa A. Tone linalobaki linapimwa uzito wake dhidi ya maji. Likiwa jepesi mno, maana yake amekunywa maji mengi, na kazi inaanza upya. Anafunga vifuniko mwenyewe. Fomu inataja dawa na virutubisho alivyotumia siku saba zilizopita. Maabara inapata namba bila jina.

Sasa jiulize swali la mtunzi: mhalifu apenye wapi? Kabla ya kuarifiwa (nani alijua ratiba?), kwenye zile saa za kusubiri (nani alileta maji ya kunywa, na je, yalikuwa yamefungwa?), au baada ya maabara kupokea.

Huo mlango wa mwisho ulipitwa kweli. Sochi 2014, Olimpiki ya majira ya baridi nchini Urusi, chupa zilitolewa usiku kupitia tundu kwenye ukuta wa maabara, zikafunguliwa na kuwekewa mkojo safi uliohifadhiwa miezi kabla. Uchunguzi wa mwanasheria Richard McLaren wa 2016 ulikuta mikwaruzo midogo ndani ya vifuniko, na baadhi ya sampuli zilikuwa na chumvi isiyowezekana kwa mwili wa binadamu, kwa sababu walikuwa wakiongeza chumvi ili uzito wa mkojo ulingane na ule wa kwenye fomu. Ungeyabuni hayo, mhariri angekuambia umezidisha.

Nyingine. Wanamichezo wakubwa walio kwenye orodha maalumu hutoa taarifa ya mahali watakapopatikana: dakika 60 kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, mahali palipotajwa. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni sawa na kuvunja kanuni, unafungiwa kushindana hata bila dawa kupatikana mwilini. Maana yake kuna mfumo unaojua mtu huyo yuko wapi kila alfajiri. Mtekaji nyara akiupata mfumo huo hahitaji kumfuatilia mtu. Na shujaa anayekimbia wauaji ana chaguo baya: asitaje alipo, aharibu maisha yake ya mchezo; au ataje, wamkute.

DakikaYa93

Hiyo ya mwisho naiandika kwenye daftari. Sijasema nitaiiba.

Bondia_wa_Kona

Kwa ndondi utaratibu wenye hatari uko mikononi. Bandeji zinafungwa mbele ya mkaguzi, kona ya mpinzani ina haki ya kuleta mtu atazame, kisha mkaguzi anasaini juu ya plasta. Glovu zinavalishwa, kamba zinafunikwa plasta, nayo inasainiwa.

Tarehe 16 Juni 1983, Madison Square Garden, Luis Resto alimpiga Billy Collins Jr. raundi kumi hadi uso ukavimba na macho kufunga. Baada ya kengele ya mwisho baba yake Collins, ambaye pia alikuwa kocha wake, alimshika Resto mkono kumpongeza, akahisi glovu ni nyembamba, na hakuuachia mkono ule. Akamwita mkaguzi. Sehemu ya kijazo cha ndani ya glovu ilikuwa imetolewa. Resto na kocha wake Panama Lewis walifungwa jela baadaye. Collins hakupigana tena, na alifariki mwaka uliofuata.

Kwa mwandishi, angalia ugunduzi ulipo. Si maabara wala mpelelezi. Ni mkono wa mtu aliyeshika glovu maisha yake yote. Mwandishi asiye bondia angeweka kamera ya siri.

Wakili_wa_Maandishi

Natia maji baridi kidogo, kwa wale wanaotaka kuchapisha.

Kashfa. Kubadili jina na rangi ya nywele hakukuokoi. Kinachoangaliwa ni kama watu wanaomfahamu mhusika watamtambua. Kipa + mwaka + jeraha lile + talaka ile = ametambulika. Ile sentensi ya "wahusika wote ni wa kubuni" mwanzoni mwa kitabu si ngao. Kanuni ya kazi: kwa kila mhusika mbaya, badilisha angalau vitu vinne kati ya nafasi ya kucheza, umri, taifa, familia, jeraha, mwaka, na jinsi alivyoanguka kimaisha. Bora zaidi, changanya watu watatu ndani ya mmoja. Soma pia mkataba wa mchapishaji: karibu kila mara kuna kifungu ambacho mwandishi anahakikisha hakuna kashfa ndani na kukubali kubeba gharama ikitokea.

Jina la klabu ya kubuni: litafute kwenye orodha za ligi hadi madaraja ya chini, kwenye usajili wa makampuni, na kwenye alama za biashara. Pete za Olimpiki usiziweke jaladani kabisa.

Anayecheza bado: mkataba wa klabu na wa wadhamini huwa na vifungu vya taswira, vya siri za ndani na vya kuchafua jina la mchezo. Omba kibali cha maandishi kabla ya kusaini na mchapishaji. Baada ya hapo umechelewa, na atakayedaiwa malipo ya awali ni wewe.

Mkataba wa waandishi wawili ndio unaopuuzwa sana. Uandike kabla ya sura ya kwanza: nani ana hakimiliki na kwa asilimia ngapi, mrabaha unagawanywaje na malipo ya awali yanagawanywaje (huja kwa mafungu: kusaini, kukabidhi, kuchapishwa), mpangilio na ukubwa wa majina jaladani, neno la mwisho ni la nani mkibishana, nini kinatokea mmoja akijitoa au akifariki, na mhusika mkuu ni mali ya nani. Hicho cha mwisho si cha kinadharia. Terry Venables, mwanasoka wa England, na mwandishi Gordon Williams walibuni mpelelezi aitwaye Hazell miaka ya 1970, na 1978 akawa na tamthilia ya televisheni. Fikiria hilo linatokea na hamjaandikiana chochote.

MtazamajiTu

Wakili hapo kwa Venables kuna kitu kitamu zaidi. Vitabu vile vya Hazell havikutoka kwa jina lake! Vilitoka kwa jina la kubuni la wote wawili, P. B. Yuill. Mchezaji aliyechezea England, mwenye jina la kuuza, akalificha. Wengine wote tuliowataja jina ndilo bidhaa.

KurasaZaUsiku

Na vikasomwa. Hilo ni jibu tosha kwa "kaandikiwa huyo".

Sasa kazi yenyewe. Nani ana hatua kamili ya waandishi wawili, mwanamichezo na mtu wa kalamu?

Mhariri_Mkali

Naweka inayofanya kazi. Lengo ni maneno 90,000, yaani kati ya 80,000 na 100,000 ambayo wachapishaji huyazoea kwa aina hii.

Kwanza rekodi, saa 20 hadi 30, vikao vya dakika 90 visizidi. Saa moja ya mazungumzo ikiandikwa hutoa maneno 8,000 hivi, kwa hiyo utakuwa na rundo kubwa kuliko kitabu. Usiogope, utatumia sehemu ndogo sana. Usiulize "ulijisikiaje?" Utajibiwa majibu ya mkutano wa wanahabari: tulijituma, tunamshukuru Mungu, tunaangalia mechi ijayo. Uliza "mkononi ulikuwa umeshika nini? Mlango unafungukia ndani au nje? Nani wa mwisho kutoka? Simu zinawekwa wapi wakati wa mechi? Nani anajua mchezaji kaumia kabla ya kocha?" Kikao kimoja fanyeni ndani ya uwanja mtupu, mkitembea njia ya mchezaji kutoka kwenye basi hadi kwenye nyasi. Mwili unakumbuka yale mdomo umesahau.

Pili muhtasari wa kurasa 12. Kosa la jinai kwanza, mchezo baadaye. Kama kosa linaweza kutokea vile vile kwenye kiwanda cha sabuni, mchezo wako ni pambo, rudi mwanzo. Kisha orodha ya matukio 60, kila moja mstari mmoja: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Matukio 60 kwa wastani wa maneno 1,500 ndiyo 90,000 yako.

Tatu uandishi. Maneno 1,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 18. Mwanamichezo anapokea sura tano tano, si kitabu kizima. Na asipewe kazi ya kusahihisha lugha! Apige alama aina tatu tu: "hii haiwezekani", "hivi hatusemi", "hapa ningeogopa". Alama ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Nne, sura zenye mazungumzo zisomwe kwa sauti na wote wawili. Wachezaji hawaelezani kanuni za mchezo wao. Ukikuta mchezaji anamwambia mwenzake maana ya kuotea, futa.

DakikaYa93

Na mechi yenyewe? Maana msomaji wa mpira anataka mpira.

Mhariri_Mkali

Mechi tatu kwa kitabu kizima, maneno 1,200 hadi 1,800 kila moja. Zaidi ya hapo unaandika ripoti. Na usiandike mechi ambayo kilichomo ni matokeo tu. Mfano:

*Alimtoka beki wa kwanza, akampiga chenga wa pili, akaingia ndani ya kumi na nane na kuachia shuti kali lililomshinda kipa. Uwanja ukalipuka. Ilikuwa 2–1.*

Hakuna sentensi mbovu hapo, na hakuna msomaji atakayekosa usingizi. Jaribu hivi:

*Dakika ya 71 mpira ulimkuta peke yake, kipa yuko chini. Akatazama jukwaani, safu ya tatu. Kiti cha mwanawe kilikuwa kitupu. Akapiga nje.*

Matendo yamepungua na goli halipo. Lakini sasa kuna swali, na anayejua mpira ataona pia kwamba mchezaji hatazami jukwaani goli likiwa wazi. Kutazama huko ndiko kunakosimulia.

Kano_na_Mifupa

Kuna kasoro nyingine ya wachezaji: wanaruka maumivu. Wameyazoea kiasi kwamba hayaingii kwenye sentensi. Mwandishi mwenza arudi nyuma baada ya kila pigo aulize: saa sita baadaye inauma wapi? Kesho yake je? Siku ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza kwa misuli iliyopigwa. Watunzi wengi humponya shujaa usiku mmoja.

Jalada_Gumu

Swali la mwisho kutoka kwangu: wakala au mchapishaji anatumiwa nini? Mwanamichezo anaweza kuuza wazo tu?

Wakili_wa_Maandishi

Kitabu cha maisha yake, ndiyo, pendekezo na sura moja mbili vinatosha. Riwaya ni habari nyingine. Mtu ambaye hajawahi kuchapisha riwaya anatakiwa awe na mswada uliokamilika, hata kama ana medali, kwa sababu mchapishaji hawezi kujua kama mwisho upo. Nyota wa juu sana huuza kwa muhtasari, lakini hapo kinachonunuliwa ni mwandishi mwenza, na mkataba utamtaja.

Kifurushi: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili unaotaja mwisho (usifiche muuaji, huyu si msomaji), na sura tatu za kwanza au kurasa 50. Kwenye barua, aya ya kwanza iwe kosa la jinai na shujaa. Michezo uliyocheza iingie aya ya tatu, mistari miwili, pale tu inapoeleza kwa nini wewe unajua lililo nyuma ya mlango ule. Picha ukiwa na kombe usiambatishe.